Lori la Jeshi Linalochaji Leo na Kukataa Kesho

Wewe mkulima mwenye lori kuukuu la jeshi, yamkini unaujua ugonjwa huu. Ukiwa kwenye lami ya Misikhu mshale wa mita ya chaji umetulia mahali pake. Ukiingia njia ya mashambani yenye mashimo unaanza kucheza. Mara lori linachaji, mara limekataa. Ukifika nyumbani limepona. Kesho yake stata haigeuzi injini, na jirani anakwambia, "Betri imekufa, nunua nyingine."

Usinunue bado. Betri mpya italifanya lori liwake siku chache, kisha nayo itaisha kama ile ya kwanza. Fikiri hivi: dainamo iliyoungua haiponi yenyewe njiani. Kitu kinachoharibika na kupona, tena hasa gari likitikisika, mara nyingi ni mahali palipolegea, palipopata kutu, au palipojaa uchafu, umeme ukawa unapita kwa bahati tu. Mahali kama hapo hutengenezwa kwa spana, msasa na nusu siku ya kazi.

Tena jambo hili si la kupuuza. Bedford QL, lililotengenezwa Uingereza kuanzia 1941, na Bedford RL lililofuata mwaka 1953, yalitoka kiwandani na injini za petroli zinazotegemea umeme wa betri kwa kuwasha. Betri ikiisha, injini inazima. Lori la dizeli laweza kuendelea kwenda, lakini taa zake zitafifia, na barabara ya Webuye kwenda Kitale ina magari makubwa usiku kucha. Huko si mahali pa kusimama gizani na magunia sabini ya mahindi.

Anza na mkanda wa feni. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati. Ukizama sana, au ukiwa unang'aa kama kioo upande wa ndani, unateleza. Kisha ufuate vichwa vya betri. Kabla ya kufungua chochote, tazama ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye chasisi. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile yalifungwa upande wa jumla (+) kwenye chasisi, kinyume cha magari ya siku hizi, na watu wengi wameharibu dainamo kwa kufunga kwa mazoea. Fungua waya wa chasisi kwanza, na uurudishe mwisho. Vua pete na saa ya chuma. Safisha vichwa mpaka risasi ing'ae, vikaze, ndipo upake grisi.

Sasa fika pale panaposahauliwa kuliko pote: waya mnene unaotoka betri kwenda chasisi, na ule unaotoka chasisi kwenda injini. Umeme wa dainamo hurudi kwa njia hiyo. Lori la jeshi limepakwa rangi mara nyingi, rangi juu ya rangi, na chini ya nati hiyo huenda pana rangi, kutu na tope la misimu mingi. Fungua, kwangua mpaka chuma cheupe kionekane, kisha kaza. Ukiwa na mita ya umeme, washa injini kwa mwendo wa kadiri na taa kubwa ziwake. Weka ncha moja ya mita kwenye mwili wa dainamo, na nyingine kwenye nguzo ya betri iliyofungwa upande wa chasisi, uguse nguzo yenyewe na si kichwa cha waya. Ikionyesha zaidi ya nusu ya volti, njia hiyo ni mbaya.

Hapo ukikuta pazuri, tikisa nyaya moja moja injini ikiwaka, mikono ikiwa mbali na feni, na mtu mwingine autazame mshale. Malori haya yalikuwa na swichi na taa za kivita ambazo wenye magari waliofuata walizikata, wakaunga nyaya kwa kusokota tu. Kila kiungo cha kusokota ni mshukiwa.

Bado? Basi pima dainamo yenyewe, kama lori ni la volti 12 lenye dainamo na katauti ya Lucas. Zima injini, toa nyaya mbili za dainamo, D na F, kisha unganisha nguzo hizo mbili kwa kipande cha waya. Weka mita kati ya nguzo hizo na mwili wa dainamo. Washa injini na uongeze mwendo polepole. Volti zipande bila kurukaruka, usizipitishe 20. Zikipanda vizuri, dainamo ni nzima, na ubaya uko kwenye nyaya au katauti. Zikirukaruka, kagua kaboni: huenda zimekwisha au zimekwama kwa vumbi na mafuta. Zifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, mbali na moto, mpaka ziteleze zenyewe. Shaba inayosuguliwa na kaboni isafishwe kwa msasa laini wa kioo. Msasa wa emeri huacha chembe zinazodhuru.

Katauti usiichezee kwa bisibisi. Kaza nyaya zake tu, hasa ile ya E, kwa maana ikilegea dainamo huweza kuchaji kupita kiasi, maji ya betri yakakauka na balbu zikaungua.

Lori la volti 24 lina betri mbili zilizofuatana. Pima kila moja peke yake. Mtu aliyefunga redio ya volti 12 kwenye betri moja ameinyonya hiyo, na nyingine inachajiwa kupita kiasi. Na kama lina altaneta badala ya dainamo, kipimo cha D na F si chake, wala usitoe waya wa betri injini ikiwaka, maana utaiunguza.

Ukilazimika kwenda kwa fundi wa umeme Webuye au Kitale, mwambie volti ulizopata, na umpelekee dainamo pamoja na katauti yake. Katika malori yaliyopita mikono mingi, mara nyingine vitu hivyo viwili vilitoka magari tofauti na havipatani.