Mpira wa Wavu: Kumfundisha Anayeanza Kuanzisha Mpira kwa Mkono wa Juu



Mara nyingi utaona jambo hili uwanjani: kijana anapewa mpira aanzishe mchezo, mpira unaishia wavuni, wenzake wanacheka, na kesho yake haji tena. Kila kosa la kuanzisha linawapa wapinzani pointi moja, kwa hiyo timu humweka pembeni asiyeweza. Lakini jambo hili hufundishika, hata kama mna mpira mmoja tu.

Uwanja kamili una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Anayeanza asipelekwe mara moja kwenye mstari wa nyuma. Mweke mita 4 au 5 kutoka wavuni. Kama hakuna wavu, fungeni kamba kati ya miti miwili, chini kidogo ya kimo cha kawaida, ambacho ni mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake.

Mfundishe hivi (anayetumia mkono wa kushoto afanye kinyume):

1. Asimame akitazama wavu, mguu wa kushoto mbele. Mpira ukae juu ya kiganja cha kushoto, mbele ya bega la kulia.

2. Aurushe mpira juu kidogo tu, bila kuuzungusha. Makosa mengi huanzia hapa. Mwache arushe mara kumi bila kupiga: mpira uanguke mbele kidogo ya bega la kulia.

3. Wakati wa kurusha, kiwiko cha kulia kirudi nyuma kikiwa juu, usawa wa sikio.

4. Apige katikati ya mpira, mkono ukiwa umenyooka, kwa sehemu ngumu ya kiganja iliyo karibu na kifundo. Kifundo kisilegee. Uzito wa mwili uhamie mguu wa mbele.

Wanaosubiri zamu wafanye mwendo huo kwa mpira wa matambara, wakiutupa juu ya kamba.

Tazama mpira unakwenda wapi. Ukiingia wavuni, huenda aliurusha mbele mno au kiwiko kilishuka. Ukipaa juu bila kwenda mbele, aliurusha juu ya kichwa au aliupiga chini yake. Msahihishe kosa moja kwa wakati mmoja.

Akivusha mara tano kati ya kumi, arudi nyuma hatua mbili. Hivyo hivyo mpaka afike mstari wa nyuma. Huko, asiukanyage mstari kabla ya kupiga. Mpira ukigusa wavu na kuvuka, mchezo unaendelea.

Akisema bega linauma, apumzike. Mdogo ambaye bado hana nguvu aanzishe kwa mkono wa chini; sheria inaruhusu, naye atabaki mchezoni.

Tafadhali, wasichana wapewe zamu sawa na wavulana. Na anayekosa asichekwe: sote tulianza kwa kukosa.