Jinsi Roboti Zinavyopishana Ghalani

Roboti za uchukuzi ni mashine zinazojiendesha na kubeba mizigo. Mwaka 2012, kampuni ya Amazon ya Marekani ilinunua kampuni ya Kiva Systems, iliyotengeneza roboti za namna hii. Roboti huingia chini ya rafu, huiinua, kisha huipeleka kwa mfanyakazi.

Sakafu ya ghala hugawanywa katika miraba. Kila mraba una alama. Roboti huisoma alama hiyo kwa kamera, ikajua mahali ilipo.

Kompyuta huongoza roboti zote. Mraba mmoja hupewa roboti moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo roboti hazigongani. Je, kanuni hii yatosha?

Tuseme roboti nne zimekutana katika njia panda. Ya kwanza yaingoja ya pili, ya pili yaingoja ya tatu, ya tatu yaingoja ya nne, nayo ya nne yaingoja ya kwanza. Hakuna iliyoharibika, lakini zote zimekwama! Roboti nyingine hupanga foleni nyuma yake, na kazi husimama.

Ili kuzuia hali hiyo, njia zaweza kufanywa za upande mmoja. Pia kompyuta yaweza kuizuia roboti moja mapema, kabla duara halijafungika.

Jaribio

Chora ardhini miraba minne iliyoungana, miwili mbele na miwili nyuma. Wanafunzi wanne wasimame humo, mmoja katika kila mraba. Kila mmoja ahamie mraba unaofuata kwa kuzunguka upande mmoja, lakini asiingie penye mtu. Nani aweza kuondoka? Sasa mmoja atoke nje. Eleza mnaloona.