Kiza cha Dubai kilivyotukumbusha Chumbe

Mnaoishi huku Ghuba bila shaka mnaikumbuka Jumanne ya tarehe 16 Aprili 2024. Siku hiyo ilinyesha mvua ambayo Umoja wa Falme za Kiarabu haujapata kuiona tangu kumbukumbu za hali ya hewa zianze kuwekwa mwaka 1949. Huko Khatm Al Shakla, upande wa Al Ain, zilipimwa milimita 254 katika muda usiotimia saa 24. Hapa Dubai barabara ziligeuka mito, abiria wakakwama uwanja wa ndege, na magari mengi yakaachwa majini.

Sisi tunakaa ghorofa ya 11. Maji yaliingia kwenye maegesho ya chini ya jengo letu, yakaifikia mitambo ya umeme, na taa zote zikazimika. Lifti ikasimama. Pampu nayo ikasimama, kwa hivyo mifereji ikakauka. Nje maji yalikuwa ya magotini, na ndani hatukuwa hata na ya kutilia udhu. Tulikaa hivyo siku mbili na usiku wake.

Mlango wa pili yupo bibi mmoja, mtu wa Mombasa, anayeishi na mwanawe. Bibi ana maradhi ya sukari, na dawa yake ya sindano huwekwa kwenye friji. Usiku ule mwanawe alikwama kazini. Akatugongea mlango, chupa ya dawa mkononi: "Mwanangu, hii itaharibika. Nifanyeje?"

Simu yetu ilibakiwa na chaji kidogo. Tukampigia daktari tunayefahamiana naye, akatwambia kuwa dawa ile itastahamili siku mbili tatu mradi isipate joto kali. Tukaitia chupa ndani ya gilasi, gilasi tukaizungushia kitambaa kibichi, tukaiweka dirishani penye upepo. Kisha tukakaa na bibi kizani, tukizungumza ili asiingiwe na hofu. Katika mazungumzo hayo ndipo tulipomsimulia habari za Chumbe.

Kwa wasiokijua, Chumbe ni kisiwa kidogo kiasi cha kilomita 12 kusini ya mji wa Unguja. Hakuna kijiji pale. Pana mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, msikiti mdogo wa zamani na msitu juu ya jiwe la matumbawe. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa matumbawe wa magharibi ya kisiwa kuwa hifadhi, na uendeshaji wake ukakabidhiwa kampuni binafsi iliyoanzishwa na Mjerumani, Sibylle Riedmiller. Mwaka 2000 mradi huo ulipata tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa.

Tulilala huko siku tatu tulipokuwa waandishi vijana, kabla hatujaondoka nchini. Kisiwa hakina waya wa umeme kutoka Unguja wala bomba la maji. Nyumba za wageni ni saba, zimeezekwa makuti. Taa ni za umeme wa jua. Maji ni ya mvua: paa kubwa huyakinga, yakachujwa na kuingia katika birika lililojengwa chini ya sakafu. Anayetaka kuoga husukuma pampu kwa mkono. Vyoo havitumii maji kabisa. Uchafu hugeuzwa mboji. Maji ya kuogea hupitishwa kwenye vitalu vya mimea kabla ya kuingia ardhini.

Taabu yote hiyo ina sababu. Jiwe la kisiwa lina matundu matundu, na kinachomwagwa juu yake hakichelewi kufika baharini. Choo cha kawaida kingeyaua matumbawe yale yale ambayo hifadhi imewekwa kuyalinda. Walinzi wa mwamba ni wavuvi waliofunzwa kazi hiyo. Hawana silaha, kazi yao kubwa ni kuwafahamisha wavuvi wenzao kwamba samaki wanaozaliana pale hutoka nje ya mipaka na kuingia mitegoni mwao. Kadhalika, watoto wa skuli hupelekwa kuangalia matumbawe kwa macho yao, jambo ambalo wengi wetu tuliozaliwa pwani hatukulipata.

Lililotukaa zaidi moyoni ni kwamba pale kila mtu, kuanzia mpishi hadi mgeni, alijua maji yanatoka wapi na lazima yafike mpaka mvua nyengine. Huku Dubai, karibu maji yote ya mfereji ni ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa mitambo. Katika jengo letu hakuna aliyejua tangi liko wapi wala lina kiasi gani, mpaka siku lilipotukatikia.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mgeni wa Chumbe hulipa fedha, na akichoka hurudi mjini. Kukosa umeme na maji kwa mtu ambaye hakuchagua ni dhiki, na jamaa zetu wengi wa mashamba wanaijua dhiki hiyo. Hatusemi warudi kwenye vibatari. Tunasema kuwa kuna namna ya kujenga ambayo mtambo ukisimama, watu hawasimami nao.

Bibi alipotusikiliza alicheka. Alisema kuwa kwao Mji wa Kale, alipokuwa mtoto, mvua ikinyesha kila chombo kilitolewa nje kukinga maji, na msikiti ulikuwa na birika. Hakuona ajabu yoyote katika birika la Chumbe. Ajabu kwake ilikuwa nyumba yenye ghorofa nyingi hivi isiyoweza kuhifadhi hata tone moja la mvua yote ile.

Siku ya tatu umeme ulirudi. Mwanawe alishafika kwa miguu, dawa haikuharibika, na bibi akatuletea mahamri.

Tumeyaandika haya kwa sababu wengi wenu mnapeleka fedha nyumbani kujenga, na kwa sababu tangu mwaka 2021 visiwa vidogo kadhaa vya Zanzibar vimekodishwa kwa wawekezaji. Kila penye ramani mpya, iwe ya hoteli au ya nyumba ya mama, pana swali la kuuliza kabla ya rangi na vigae: siku pampu itakaposimama, watu watakunywa nini, na uchafu utakwenda wapi? Chumbe lilijibiwa miaka mingi iliyopita. Sisi hatuwezi kwenda kuonyesha kwa kidole. Nyinyi mnaoweza, nendeni mkatazame.