Namba Tasa na Mfupa wa Ishango

Mwenye mbuzi 12 akifika sokoni Ishiara, huko kwa Wambeere wa Embu, aweza kuwagawa sawasawa kwa njia kadhaa: wawili wawili, watatu watatu, wanne wanne au sita sita. Mwenziwe mwenye 13 hana njia. Kila ajaribupo mafungu yaliyo sawa, wako wanaobaki. Ama awauze mmoja mmoja, ama wote pamoja.

Idadi ya namna hiyo wataalamu wa hesabu huiita namba tasa. Wala si kila witri ni tasa, kwani 9 ni witri, lakini ni tatu mara tatu. Jina lenyewe lina kinaya: hizo tasa ndizo wazazi wa namba nyinginezo. Kumi na mbili imezaliwa na 2, na 2, na 3. Tena hazina mwisho. Euclid alilithibitisha hilo yapata miaka 2,300 iliyopita.

Je, ni nani aliyezitambua kwanza? Wako wasemao ni mtu wa bara letu hili.

Mwaka 1950 Jean de Heinzelin, mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, alichimbua mfupa mdogo Ishango, mashariki ya Kongo, pale Mto Semliki utokapo katika Ziwa Edward. Umri wake wakadiriwa kupita miaka 20,000. Una alama za kukatwa kwa safu tatu. Safu moja ina mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19, nazo ndizo namba tasa zote zilizo baina ya 10 na 20.

Lakini tusiharakie. Safu ya pili ina 11, 21, 19 na 9; na 21 na 9 si tasa. Isitoshe, kuijua tasa ni lazima kwanza ujue kugawanya, na mfupa hauthibitishi kuwa aliyeukata alijua kugawanya. Alexander Marshack wa Marekani aliona humo hesabu ya mwezi. Nasi wa pwani, tuungojeao mwandamo, hatuwezi kulipuuza neno hilo: kila moja ya safu hizo mbili ina jumla ya alama 60, kiasi cha miezi miwili.

Mfupa huo umehifadhiwa katika makumbusho mjini Brussels. Aliyeukata hahitaji kuvikwa kilemba cha ukoka. Yaelekea alihesabu, akaiweka hesabu yake mahali isipopotea. Hiyo ni elimu tosha.