Petroli ya magogo: Mwekezaji aulize tani moja inatoa galoni ngapi

JUNI 2011 kampuni ya KiOR ya Texas, Marekani, iliuza hisa zake kwa umma katika soko la Nasdaq. Hisa milioni 10 zilinunuliwa kwa dola 15 kila moja. Novemba 2014 kampuni hiyo ilifilisika, na wenye hisa wakabaki na makaratasi. Kilichoiangusha ni hesabu anayoijua kila mwenye mashine ya kusaga: gunia moja linatoa unga kiasi gani?

KiOR ilikuwa ikigeuza misonobari kuwa petroli na dizeli. Vipande vidogo vya mti mkavu hupashwa moto wa nyuzi 500 hivi mahali pasipo na hewa. Haviungui, bali hugeuka mvuke. Mvuke huo hukutanishwa na kichocheo, yaani unga unaoharakisha mabadiliko ya kikemikali bila wenyewe kuwa sehemu ya bidhaa. Viwanda vya kusafisha mafuta ghafi navyo hutumia unga wa jamii hiyo.

Tatizo ni oksijeni. Zaidi ya asilimia 40 ya uzito wa mti mkavu ni oksijeni, ambayo petroli haiihitaji. Kazi ya kichocheo ni kuiondoa. Lakini sehemu ya oksijeni hutoka pamoja na kaboni, na kaboni ndiyo mafuta yenyewe. Kaboni nyingine huganda kwenye kichocheo kama masizi, na majivu ya mti hupunguza nguvu yake. Masizi lazima yachomwe na unga mpya uongezwe kila mara. Hiyo yote ni gharama.

Kiwanda cha Columbus, Mississippi, kiligharimu zaidi ya dola milioni 200. Serikali ya jimbo ilikopesha milioni 75 bila riba. Kilitarajiwa kutoa galoni milioni 13 kwa mwaka, lakini mwaka 2013 hakikufikisha hata milioni moja. Januari 2014 kilisimamishwa. Mwaka 2016 tume ya masoko ya mitaji ya Marekani iliishitaki kampuni hiyo kwa kutangaza kuwa tani moja ingetoa galoni 67, sawa na lita 254, bila kuwaeleza wawekezaji kuwa hesabu hiyo ilisimama juu ya makadirio.

Hata hivyo, mabaki ya mimea yana biashara ya zamani. Mwaka 1922 kampuni ya Quaker Oats ya Marekani ilianza kutengeneza furfurali kutokana na maganda ya nafaka ya oti, asidi ikiwa kichocheo. Leo China ndiyo mzalishaji mkubwa, ikitumia magunzi ya mahindi. Furfurali husafisha oili za mitambo na kutengeneza gundi za viwandani. Haidai kuondolewa oksijeni yote. Soko lake ni dogo, lakini linajulikana.

Kwa hiyo anayeletewa hisa za kampuni ya namna hii aulize mambo matatu. Tani moja imetoa kiasi gani kiwandani, si maabara? Kichocheo hubadilishwa kila baada ya muda gani, na kwa bei gani? Bidhaa ina mnunuzi leo? Akijibiwa kwa makadirio matupu, fedha zake zikae benki kwanza.