Huyu Anasema Hivi, Yule Vile: Ufanye Nini?

Tuseme unakaa Amani, una tezi imevimba shingoni. Daktari mmoja anasema kifua kikuu cha tezi, mwingine anahofia saratani. Usikate tamaa! Kwa macho magonjwa haya hufanana. Hukatwa kinyama kidogo cha tezi, kikaangaliwa kwa hadubini, ndipo ukweli hujulikana.

Bado una shaka? Mwambie daktari bila woga: "Naomba na mwenzako aangalie." Si utovu wa adabu. Omba rufaa kwenda Bombo, Tanga, na ikibidi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Beba majibu yote, na uulize kama vioo vya kipimo vinaweza kusomwa upya. Nenda na mzazi. Ila usichelewe: saratani ikiwahiwa hutibika vizuri zaidi.