Oili ikivuja nyuma, breki ndizo zilizo hatarini

Wenye Land Rover za zamani wana utani wao: ukiona gari halivuji, ujue oili imekwisha. Utani huo huchekesha kijiweni. Lakini kwenye mteremko wa Kitonga mkoani Iringa, au kwenye barabara inayoshuka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, dereva anapokanyaga breki na gari likavuta upande mmoja, hakuna anayecheka.

Magari hayo bado yapo barabarani. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, ikafuatiwa na Series II mwaka 1958 na Series III mwaka 1971. Afrika Mashariki ilizipokea mapema, zikatumika katika hifadhi za wanyama, vituo vya polisi, misheni na mashamba. Oktoba 2024 wamiliki walikusanyika Arusha kwa tamasha la magari hayo, na msururu wake ulidhihirisha kuwa gari ambalo wengi hulihesabu kuwa chakavu bado lina wenyewe.

Ugonjwa unaowasumbua wengi wao ni mmoja: oili inayovuja kwenye ekseli ya nyuma.

Inatoka wapi?

Kosa la kwanza ni kufungua kabla ya kuchunguza. Fundi makini huosha ekseli nzima, hulipeleka gari kilomita chache, kisha huingia chini na tochi. Oili ikionekana katikati, mahali propela shafti inapoingia kwenye difu, na imerukia sakafu ya gari, mtuhumiwa ni oili sili ya pinioni. Mistari myeusi ikionekana upande wa ndani wa tairi, tatizo liko kwenye habu.

Harufu nayo husaidia. Oili ya difu ni nzito na hunuka kama kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi na hayana harufu hiyo. Anayevichanganya anaweza kubadilisha oili sili ilhali kinachovuja ni silinda ya breki.

Kabla ya kununua chochote, kuna kifaa kidogo cha kukagua: kipumulio kilichofungwa juu ya ekseli. Gari likitembea, oili hupata joto na hewa iliyomo ndani hutanuka. Kipumulio kikiziba kwa tope, hewa hiyo hutafuta njia nyingine na kuisukuma oili kupitia kwenye sili. Hapo sili mpya haitadumu. Gari likiingia mtoni ekseli ikiwa ya moto, mambo hugeuka: hewa ya ndani hupoa ghafla na maji huvutwa kuingia. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ndiyo ushahidi.

Breki ya mkono isiyoshika

Hatari kubwa zaidi katika kazi hii hutokea kabla spana haijashikwa. Kwenye Land Rover hizi, breki ya mkono haishiki magurudumu moja kwa moja. Hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliacha lizunguke, na lile lililobaki chini linaweza kubiringika ingawa breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Hafu shafti ikichomolewa, hali ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo gari huwekwa mahali tambarare, magurudumu ya mbele hukingwa kwa magogo au mawe makubwa mbele na nyuma, na ekseli hukalishwa juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia tu. Haifai kumwachia mtu aliye chini ya gari.

Kazi yenyewe

Oili hutolewa kwanza. Baada ya gurudumu kutoka, boliti sita hufunguliwa na hafu shafti huchomolewa. Habu hubaki mahali pake, kwa sababu uzito wa gari umebebwa na beringi zake. Kisha hutoka dramu ya breki, nati mbili zilizofungiana kwa washa ya kukunja, na hatimaye habu yenyewe. Oili sili iko upande wake wa ndani.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Sili hugusana na ringi ya chuma, na kwa miaka mingi huichimba. Fundi hupitisha ukucha juu yake: ukucha ukinasa, ringi imekwisha nayo lazima ibadilishwe. Sili mpya juu ya ringi iliyochimbika ni pesa iliyotupwa.

Mdomo wa sili hupakwa grisi na kuelekezwa upande wa oili. Sili huingizwa kwa kugongwa polepole pande zote kwa kipande cha mbao kilichonyooka, kwani ikiingia upande itavuja siku hiyo hiyo. Nati hukazwa hadi habu ibaki na mchezo wa milimita 0.05 hadi 0.10. Ikikazwa kupita hapo, beringi huungua. Ikilegea, habu hucheza na kuila sili mpya.

Viatu vya breki vilivyolowa oili havina tiba. Mazoea ya kuvimwagia petroli na kuvichoma huondoa oili ya juu tu. Iliyozama hurudi juu breki zikipata joto, yaani mteremkoni. Hubadilishwa vyote, kulia na kushoto, ili gari lisivute upande mmoja. Vumbi la breki kuukuu lisipulizwe kwa upepo, kwa kuwa huenda lina asbesto. Hufutwa kwa kitambaa kibichi.

Mwisho, oili ya EP90 hujazwa hadi ifike kwenye tundu la kipimo, na si zaidi. Kuzidisha nako huleta uvujaji.

Sili moja, nchi nyingi

Ekseli ya Series III iliyoko Nanyuki ni sawa na iliyoko Moshi au Mbarara, na sili iliyonunuliwa Arusha huingia sawasawa kwenye habu ya gari lililovuka Namanga. Hata lugha ya gereji haisimami mpakani: ukisema difu, habu au beringi, fundi wa Mombasa na wa Mwanza wote wanajua mkono upeleke wapi.

Baada ya safari ya kwanza, mmiliki huinama tena na kutazama upande wa ndani wa tairi. Ukiwa mkavu, na habu zote mbili zikiwa na joto linalolingana, gari liko tayari kwa mteremko.